Mama wa Kitunguu cha Madoa

Mama mmoja aliyekuwa akipiga pasi nyuma ya soko la Gisenyi amefariki, na tumemzika wiki iliyopita. Habari ya kifo chake niliipata katika chumba cha walimu, saa ya mapumziko, kutoka kwa mwenzangu aliyekuwa akilalamika kwamba sasa hajui mashati yake atampelekea nani. Alisema hivyo bila ubaya wowote. Kwa watu wengi wa mji huu ndivyo alivyojulikana: mwanamke mwembamba mwenye pasi mbili za mkaa, moja ikifanya kazi na nyingine ikipata moto, na dirishani pake mikebe iliyopangwa mstari mmoja, kila mkebe na mmea mdogo wa majani ya madoadoa. Wanaosoma safu hii mara kwa mara wanajua kwamba sina desturi ya kuandika maombolezo. Naona kazi hiyo ni ya padri na ya jamaa za marehemu. Lakini marehemu huyu nilimfahamu kwa njia ambayo padri hakuijua, na kwa kuwa haikusemwa kanisani, nitaisema hapa.

Mimi na familia yangu tuliingia Rwanda, hapa Gisenyi, mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne tukitoka Karagwe, Tanzania, ambako nilizaliwa mtoto wa wakimbizi. Mji ulikuwa nusu mtupu. Wenyeji wengi walikuwa wamevuka mpaka kwenda Zaire, na nyumba zao zilikuwa wazi, nyingine hata milango haikufungwa. Tulionyeshwa nyumba ya matofali yenye vyumba vinne na ua mdogo nyuma, tukaambiwa tukae. Sikuuliza ilikuwa ya nani. Sisi tuliofika wakati ule tulikuwa na namna moja ya kusema: tulisema "nyumba niliyoipata", kama mtu anavyosema juu ya kalamu aliyoiokota njiani. Kwenye dirisha la sebule, upande wa jua la asubuhi, palikuwa na mkebe wa maziwa ya unga wenye mkono wa waya wa buluu uliosokotwa vizuri. Ndani yake vilikaa vitunguu vidogo vya rangi ya zambarau, vimebanana, nusu nje ya udongo, na juu yake majani mafupi ya kijivu cha fedha yenye madoa ya kijani. Mke wangu alikimenya kimoja akidhani atakitia kwenye maharage. Hakikunuka kitunguu, kilitoa utelezi tu, akakitupa na kunawa mikono. Kwa bahati hakikufika chunguni, maana baadaye tuliambiwa kina sumu. Mkebe ukahamishiwa nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa bati ambapo mvua haikufika sana, na ukasahauliwa huko miaka miwili. Hakuna aliyeutilia maji. Haukufa.

Mwaka wa tisini na sita ulipokaribia kwisha, kambi za ng'ambo zilivunjika na watu wakarudi kwa miguu, siku baada ya siku, barabara nzima imejaa. Ilitangazwa kwamba kila mwenye nyumba arudishiwe nyumba yake. Ilikuwa amri ya haki, na kila mmoja wetu aliikubali kwa upande wa nyumba za wengine. Yule mama alikuja asubuhi moja, peke yake, amejifunga kitenge kilichopauka. Mumewe, aliyekuwa dereva wa lori, alikufa kwa kipindupindu kambini. Binti yao mmoja alikuwa ameolewa Goma na akabaki huko. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile alibisha hodi, akamsalimu mke wangu, akasema kwa upole kwamba hapa ni kwake. Mke wangu alimpa kiti na chai. Mimi nilimwambia aende kwanza kwa konseye, yaani diwani wa sekta yetu, kwa sababu mambo ya nyumba yana utaratibu wake. Utaratibu ni neno linalompendeza sana mtu aliyekwisha kuingia ndani.

Siku mbili baadaye konseye alikuja na watu wawili wa kamati, na yule mama nyuma yao. Tulisimama uani sote. Konseye alimuuliza kama ana karatasi za kiwanja, naye akajibu kwamba ziliungua kambini pamoja na hema. Aliulizwa kama kuna jirani wa zamani anayeweza kumshuhudilia. Aligeuka akatazama nyumba za kushoto na kulia. Moja ilikaliwa na watu waliotoka Uganda, nyingine na askari, na hakuna hata mmoja aliyemjua. Konseye, ambaye nadhani alitaka kumsaidia, akamuuliza kama kuna kitu chochote alichokiacha ndani, kitu ambacho mtu mwingine asingeweza kukijua. Alifikiri kidogo. Kisha akasema, kwa Kiswahili chetu cha huku mpakani:

"Ku dirisha ya jua ya asubuhi niliacha mukebe ya maziwa. Ndani iko kitunguu ya madoa-madoa. Bwana yangu aliiwekea mukono ya waya ya buluu."

Konseye akanigeukia mimi, akaniuliza kama nilipoingia nilikuta kitu cha namna hiyo. Mkebe ulikuwa nyuma ya nyumba, hatua kama kumi kutoka mahali tulipokuwa tumesimama. Nilikuwa na watoto watatu, mshahara wa ualimu uliokuwa ukichelewa, na sikuwa na pa kwenda. Hayo yote ni kweli, na yote niliyafikiria kwa muda mfupi sana.

"Sikumbuki," nikasema.

Yule mama alinitazama. Wasomaji wangependa niwaambie kwamba macho yake yalinichoma, lakini sikuona jambo kama hilo. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu ambaye unataka kuukumbuka uso wake. Akamwambia konseye, "Bon, basi," akaenda zake Nyakiriba, ambako shangazi yake alikuwa amempa pa kulala.

Mke wangu alikuwa jikoni na alisikia kila neno. Mchana ule, tulipoketi kula, alitoka nje, akarudi na ule mkebe, akauweka katikati ya meza baina ya sahani, na udongo wake na utando wa buibui. Hakunigombeza. Aliwapakulia watoto, akala chakula chake, akatoa vyombo, na mkebe ukabaki pale. Ulibaki pale jioni, na kesho yake, na keshokutwa. Watoto walijifunza kupitisha mikono yao pembeni wakichukua ugali. Nilikuwa nikifundisha asubuhi, nikirudi nikaketi mbele yake, nikaondoka. Siku ya nne niliushika kwa ule mkono wa waya nikaupeleka hadi ofisi ya sekta, nikipita katikati ya mji saa tatu asubuhi, na wanafunzi wangu kadhaa waliniona wakaniamkia. Konseye aliutazama, akauzungusha taratibu mezani, akaniambia kwamba kama ningenyamaza yeye asingejua kamwe. Nilimwambia nalijua hilo. Akachukua karatasi akaandika.

Nawaambia wasomaji kwa uwazi kwamba sikufanya hivyo kwa sababu mimi ni mtu mwema. Nilifanya kwa sababu sikuweza tena kula mezani kwangu. Hizo ni sababu mbili tofauti, na nimeishi muda wa kutosha kutozichanganya.

Nyumba ilirudi kwa mwenyewe. Tulipewa majuma machache tuondoke, na mke wangu alikuwa tayari amekwisha kufunga masanduku, mama yule alipokuja na kutembea chumba kwa chumba. Alipofika vyumba viwili vya nyuma walimolala watoto, alisimama, akasema tukae humo hadi tupate pengine. Tulikaa miezi kumi na mmoja. Kujenga nje ya mji hakukuwezekana, kwa kuwa waasi walikuwa wakishuka kutoka upande wa volkano, na barabara ya Nyundo kuna siku haikupitika. Kwa hiyo watu wawili waliokutana kwa kisa kile, mwenye nyumba na aliyemkana, walitumia jiko moja, choo kimoja na kamba moja ya kuanikia nguo kwa karibu mwaka mzima. Kwa nje ilionekana jambo la kawaida. Gisenyi ya wakati huo ilikuwa na nyumba nyingi za aina hiyo, na nadhani vitabu vitakavyoandikwa juu ya miaka hii vitasahau kutaja zamu za jiko.

Katika miezi hiyo ndipo nilipojifunza habari za ule mmea. Jina lake halisi mama yule hakulijua, na mimi sijalijua mpaka leo. Alisikia tu kwamba asili yake ni kusini kabisa mwa Afrika, kwenye nchi kavu. Kitunguu cha kwanza alipewa na mwanamke aliyekuwa na nyumba ya wageni karibu na ziwa, ambako alipiga pasi mashuka kabla ya vita. Mkebe ulirudishwa kwenye dirisha lake, na mimi, kila asubuhi kabla ya kwenda shule, niliumiminia kikombe cha maji. Hakuna aliyeniomba. Baada ya wiki tatu majani yakageuka manjano, na vitunguu ukivigusa vilikuwa laini kama ndizi iliyooza. Aliniita. Alikuwa ametandaza gazeti sakafuni na kuumwaga mmea wote juu yake, udongo ukinuka. Kwa kisu kidogo alikuwa akikata sehemu zilizooza na kubakiza zilizo ngumu, akizihesabu kwa mdomo. Zilibaki kumi na moja. Hakuinua kichwa aliposema:

"Mwalimu, unamwanga maji juu ya haya yako. Hapana juu ya kiu yake."

Huko kwao "juu ya" ni kusema "kwa sababu ya", na sikuhitaji kufafanuliwa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuligusia jambo lile mbele yangu. Kisha akaendelea kunifundisha, kana kwamba alikuwa amesema neno la bustani tu. Vile vitunguu aliviacha vikauke siku nne juu ya gazeti. Chini ya mkebe alitoboa matundu kwa msumari. Udongo aliuchanganya nusu kwa nusu na makoro, yale mawe meusi ya volkano, aliyoyavunja kwa nyundo mpaka yakawa kama punje za mahindi. Aliyapata kwa wanawake waliokuja sokoni na viazi kutoka Busasamana. Vitunguu havifukiwi, alisema, vinakalishwa tu, mabega yakiwa nje. Jua la asubuhi vinalitaka, kwa sababu ukiviweka gizani majani yanarefuka na kulegea na madoa yanafifia. Maji hutiwa udongo ukiwa umekauka kabisa hadi chini, na kiangazi mara moja moja tu. Ukitaka kujua, huuangalii udongo wa juu: unauinua mkebe na kuupima kwa mkono. Nilijaribu, na baada ya muda mkono wangu ukazoea kuujua mkebe mzito na mkebe mwepesi.

Vitunguu kumi na moja vikazaa vingine pembeni. Kufika mwaka uliofuata alikuwa na mikebe ishirini na kitu, na wateja wa pasi wakaanza kuiulizia. Wa kwanza walikuwa wake za maofisa waliokulia Uganda. Halafu mwanamke mwenye saluni ya nywele. Halafu karani mmoja wa ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, aliyeuweka wake juu ya kabati la mafaili, na wote waliofika kutafuta vitambulisho wakauona. Nimewahi kujiuliza kwa nini mmea usio na ua la maana, maana ua lake ni kishada cha vikengele vidogo vya kijani usivyoviona mpaka uiname, ulienea hivyo katika mji huu na katika miaka hii. Jibu langu ni kwamba karibu kila mtu hapa alikuwa ametoka mahali pengine na hakuwa na hakika kama atakaa. Mtu wa namna hiyo hapandi mwembe. Ananunua kitu anachoweza kukibeba kwa mkono mmoja, kisichokufa akiondoka majuma mawili, na kinachopendeza hata kisipochanua. Mke wangu anasema nafikiri kupita kiasi, watu walipenda madoa tu. Inawezekana.

Tulipohama hatimaye kwenda kwenye nyumba ya kupanga karibu na shule, alitupa mkebe mmoja. Niliendelea kumpelekea mashati. Vita vya pili vya Kongo vilipoanza ng'ambo, mpaka ulifungwa na kufunguliwa bila mpango, na wakati mwingine alikaa miezi bila habari za binti yake. Alipiga pasi. Alianza kukohoa. Kwanza kilikuwa kikohozi cha moshi wa mkaa, kila apigaye pasi anacho. Kisha, katika mwaka huu wa mwisho, kikawa cha aina nyingine. Nilimwona akipungua. Kila nilipomuuliza hali alisema, "Iko sawa, Mwalimu," nami nilichukua mashati yangu nikaondoka nikiwa nimefarijika. Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba yule mama ni mgumu, ameyapita makubwa kuliko hayo. Majirani wote tulisema hivyo. Tulimsifu sana, na hakuna aliyempeleka hospitali.

Siku moja nilikuwa nikingoja shati alipofika mke wa ofisa mmoja kuchagua mkebe. Mama yule alimweleza mambo ya jua na ya maji. Mteja akacheka, akasema ndiyo sababu anaupenda, kwa kuwa ni mmea usiohitaji kitu, hata maji hautaki. Mama yule alimfungia mkebe wake kwenye gazeti, akamshukuru, akangoja afike barabarani. Kisha akaweka pasi chini, akakohoa mpaka akashika meza, na alipopata pumzi akaniambia:

"Watu wanasema haitaki maji. Ni bongo, Mwalimu. Inataka maji sawa maua yote. Inajua tu kungoja."

"Bongo" kwao ni uongo. Nilidhani anazungumzia mmea. Nilicheka kidogo, nikamwambia anene na wateja wake vizuri, nikachukua shati. Alipopelekwa hospitali hatimaye, alipelekwa na mteja wake mwingine, mwenye saluni, kwa pikipiki, na alikuwa hawezi tena kuketi bila kushikwa. Alikaa huko siku sita. Nilikwenda mara moja. Alikuwa amelala.

Binti yake alivuka kutoka Goma asubuhi ya maziko, na yale maswali ya mpakani nusura yamcheleweshe. Baada ya kaburi tulikaa katika nyumba ile ile, sebuleni, watu wakinywa chai. Nilimwomba tuongee pembeni. Nilimwambia kwamba nina jambo la kukiri kuhusu mama yake na nyumba hii, na kwamba ningependa alisikie kutoka kwangu kabla hajalisikia kwa mwingine. Alinisimamisha kwa mkono.

"Tunajua, Mwalimu. Mama alituambia zamani. Alisema ule mwalimu wa Tanzania alibeba mukebe mu mukono, katikati ya muji, akaipeleka ku konseye, ndiyo sababu tuko na nyumba."

Nilimuuliza kama mama yake alisema lolote juu ya siku nne zilizotangulia. Hakuelewa swali langu. Basi nikamweleza: konseye uani, swali, na neno nililojibu. Alisikiliza hadi mwisho. Alitazama mikono yake, kisha akasema kwamba hilo mama yake hakuwaambia. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe, na sikuona kuwa nina haki ya kumuuliza. Aliinuka akaenda kuwaongezea watu chai, na aliponifikia akaniongezea na mimi.

Kwa hiyo haya ndiyo niliyoyapata. Tukimwona mtu anayevumilia, tunamsifu, na sifa hiyo inatuondolea kazi ya kumsaidia. Nilimwacha yule mama angoje mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa siku nne, nami nilijua ninachofanya. Mara ya pili ilikuwa mwaka mzima, na nilijiita rafiki yake. Ya pili ndiyo iliyomuua, au tuseme ndiyo iliyomwacha afe, na haina konseye wa kwenda kumwambia. Mji huu umejaa watu wanaojua kungoja. Miaka hii imewafundisha hivyo, na kwa sababu hawapigi kelele tunadhani hawana shida. Mtu wa aina hiyo akikwambia iko sawa, usichukue mashati yako ukaondoka. Kaa, na muulize mara ya pili.